Kabla ya Mlango wa Siri: Foleni ya Viraka katika Mradi wa XZ Utils

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza hadharani kwamba matoleo mawili ya karibuni ya XZ Utils, yaani 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri, yaani msimbo wa kumwezesha mtu asiyejulikana kuziamrisha seva za Linux kupitia SSH, huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Kasoro hiyo ilipewa namba CVE-2024-3094 na kupimwa ukali wa 10 kati ya 10. Mengi yameandikwa tangu hapo kuhusu jinsi msimbo huo ulivyofichwa, nayo yanastahili kusomwa, maana ufundi uliotumika si wa mchezo. Uchambuzi huu hautakaa sana hapo. Unarudi nyuma hadi mwaka 2022, wakati palipokuwa na mtu mmoja aliyeelemewa, viraka (mabadiliko ya msimbo yaliyotumwa na wachangiaji) vilivyosubiri kusomwa, na barua za watu waliodai kuwa wamechoka kusubiri. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kisa iliamuliwa miezi ile, na iliamuliwa juu ya swali ambalo kila mtunzaji wa programu huria analijua: foleni hii niifanyeje?

XZ Utils ni zana za kubana na kufungua faili, pamoja na maktaba yake iitwayo liblzma. Watumiaji wengi wa kompyuta hawajapata kulisikia jina hilo, ilhali vifurushi vya Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, hubanwa kwa umbo la xz na msimbo wa kiini cha Linux husambazwa kwa umbo hilohilo. Zaidi ya hayo, mifumo kadhaa, Debian na Fedora ikiwamo, ilikuwa imeiongezea huduma ya SSH kiraka cha kuiwezesha kuwasiliana na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, na maktaba ya systemd nayo ilikuwa ikiivuta liblzma. Kwa njia hiyo zana ya kubana faili ikajikuta imeketi ndani ya programu inayolinda mlango wa seva, bila ya waandishi wa OpenSSH, yaani programu hiyo ya SSH, wala mtunzaji wa xz kukusudia iwe hivyo. Mtunzaji huyo, Lasse Collin, aliifanya kazi yake kwa kujitolea, na kwa zaidi ya muongo mmoja karibu kila badiliko lilipita mkononi mwake.

Aprili hadi Juni 2022

Tukubali kwanza kwamba lawama zilizotolewa zilikuwa na chembe ya ukweli. Toleo thabiti la mwisho, 5.2.5, lilikuwa limetoka Machi 2020. Barua zilikaa bila majibu, na Collin mwenyewe alikiri hivyo. Hata hivyo, anayeupima mrundikano kwa idadi peke yake haoni ni nini kilichotangulizwa na ni nini kilichowekwa kando. Tarehe 7 Aprili 2022 yalitolewa marekebisho ya hitilafu ya usalama katika xzgrep, zana ya kutafuta maneno ndani ya faili zilizobanwa; hitilafu hiyo, CVE-2022-1271, ilimpa mshambuliaji nafasi ya kutunga jina la faili kwa hila hata xzgrep ikaandika juu ya faili nyingine. Kazi ya namna hiyo haingoji, na haikungojeshwa. Mwezi uleule ambao mradi ulilaumiwa kuwa umelala, jambo la dharura lilishughulikiwa mbele ya mengine, na huo ndio upangaji wa foleni unaotakiwa.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 19 Aprili, akaunti yenye jina la Jia Tan, ambayo ndiyo ingekuja kuingiza mlango wa siri, ilituma kiraka. Haikuwa akaunti ngeni. Tarehe 29 Oktoba 2021 ilikuwa imetuma kiraka chake cha kwanza, faili ndogo ya mipangilio ya vihariri vya maandishi, kitu kisicho na madhara wala manufaa makubwa, na kufikia Aprili viraka vyake vinne vilikuwa vimekwisha kupokelewa. Hiki cha sasa kilikuwa kizito zaidi: kiliipa liblzma uwezo wa kugeuza maandishi kuwa mpangilio wa vichujio (hatua ambazo data hupitishwa wakati wa kubanwa), na kuurudisha mpangilio huo kuwa maandishi.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu watu wasiopitia viraka vya wenzao hudhani kwamba kukipokea kiraka ni kubonyeza kitufe. Kiraka cha kurekebisha tahajia husomwa mara moja kikaisha. Kiraka kinachoongeza fanksheni mpya katika maktaba inayotegemewa na programu nyingine nyingi ni ahadi, kwa kuwa jina la fanksheni hiyo likishatoka katika toleo thabiti haliwezi kubadilishwa bila kuvunja kazi za watu. Msomaji hana budi kujiuliza itakuwaje maandishi yakiwa matupu, kumbukumbu ikiisha katikati ya kazi, kichujio kikitajwa mara mbili, au programu ikipitisha maandishi iliyoyapokea kutoka kwa mtu isiyemjua. Hana budi kuona majaribio, na kama hayapo, mara nyingi ni yeye atakayeyaandika. Mwandishi wa kiraka huridhika kikifanya kazi kwenye kompyuta yake. Msomaji hulazimika kufikiria miaka yote ambayo kitaendelea kutunzwa baada ya mwandishi kwenda zake. Ndiyo maana saa moja ya kuandika yaweza kudai saa kadhaa za kusoma, na ndiyo maana katika miradi mingi wanaoandika ni wengi na wanaosoma ni wachache. Uwezo wa aina ile ulikuja kutoka katika toleo 5.4.0 la Desemba 2022, miezi minane baadaye. Kwa kazi ya uzito huo katika mradi wa mtu mmoja, sioni cha kuonea haya.

Akaunti ya pili, Jigar Kumar, haikungoja miezi minane. Iliandika tarehe 22 Aprili, siku tatu baada ya kiraka kutumwa, ikilalamika kwamba viraka hukaa miaka katika mradi ule na kwamba hapakuwa na sababu ya kutarajia lolote karibuni. Tarehe 19 Mei akaunti ya tatu, Dennis Ens, iliuliza kama tawi la Java la mradi lingali linatunzwa. Collin aliomba radhi kwa kuchelewa. Alitaja kwamba Jia Tan amekuwa akimsaidia pembeni na huenda akapewa nafasi kubwa zaidi, akaongeza kwamba uwezo wake mwenyewe ni mdogo mno na ni lazima kitu kibadilike. Kumar alirejea mwishoni mwa Mei, na tena tarehe 7 Juni, sasa akisema waziwazi kwamba hapatakuwa na maendeleo mpaka apatikane mtunzaji mpya. Siku iliyofuata Collin alijibu kwa uwazi ambao hata leo ni vigumu kuusoma bila kumhurumia: kwamba hajapoteza hamu, ila uwezo wake wa kujishughulisha umepunguzwa na matatizo ya afya ya muda mrefu pamoja na mambo mengine, na kwamba ni vyema ikumbukwe kuwa huu ni mradi wa kujipendea usio na malipo. Tarehe 21 Juni Ens alimpa pole, na papo hapo akamkumbusha ajue mipaka yake, kwani jamii inataka zaidi. Tarehe 29 Juni Collin akaandika kwamba Jia Tan tayari ni kama mtunzaji mwenza.

Wachambuzi wengi wanaamini leo kwamba akaunti hizo zote zilikuwa za njama moja. Kumar na Ens hawakuonekana kufanya jambo jingine lolote la maana mtandaoni kabla wala baada. Siku zile, hata hivyo, hakuna aliyeshtuka, na sidhani kwamba ilikuwa haki kumtarajia yeyote ashtuke. Sauti ile ni ya kila siku. Aliyewahi kutunza hata mradi mdogo wa programu huria ameandikiwa barua kama zile na watu halisi kabisa, wenye majina halisi na haraka halisi, wanaodai marejesho ya kitu ambacho hawakukilipia. Waliotunga barua zile hawakuhitaji kubuni lugha mpya. Waliikuta imezoeleka, wakaiazima, na ikawafichia nyuso zao kuliko kinyago chochote.

Jibu ambalo halikuwa tayari

Ni rahisi leo, tukiwa tumejua mwisho wa kisa, kusema kwamba Collin hakupaswa kumpa mtu yule nafasi. Sikubaliani na hukumu hiyo. Ushahidi uliokuwa mbele yake ulikuwa wa viraka safi, majibu ya adabu, na mtu asiyechoka kurudia kazi alipoambiwa airudie. Ushauri ambao kila mwongozo wa utunzaji ungempa ni uleule: tafuta msaidizi miongoni mwa wanaochangia mara kwa mara. Alifanya hivyo. Kilichokosekana hakikuwa busara ya mtu mmoja. Zilikosekana taratibu ambazo zingejibu barua zile kabla hazijamfikia yeye moyoni.

Utaratibu wa kwanza ni kumpa mlalamikaji kazi. Mtu anayeandika kwamba kiraka fulani kimechelewa anaweza kujibiwa kwa sentensi tatu zilizoandikwa mapema na kuwekwa tayari: «Asante kwa kufuatilia. Kiraka hiki kinangoja msomaji wa pili, nawe unakaribishwa kuwa msomaji huyo. Tafadhali kijenge kwenye mashine yako, endesha majaribio, kisha utuandikie ulichokiona, pamoja na mstari wowote ambao hukuuelewa.» Mtumiaji wa kweli mwenye haja na kiraka hicho atapata cha kufanya, na ripoti yake itampunguzia mtunzaji kazi. Mwenye nia nyingine atanyamaza, au atalazimika kuleta kazi inayoweza kukaguliwa. Kumar na Ens waliandika barua kadhaa bila hata mmoja wao kuulizwa swali hilo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa pili wa kuliuliza, na yule aliyekuwapo alikuwa anajitetea.

La pili ni kutangaza hali ya mradi mahali ambapo kila ajaye anaiona. Aya moja katika faili ya maelezo, ikisema kwamba mradi una mtu mmoja, kwamba hitilafu za usalama hushughulikiwa kwanza, na kwamba viraka vya uwezo mpya huenda vikachukua zaidi ya mwaka, ingeondoa haja ya kuomba radhi upya kila barua inapofika. Kuomba radhi mara kwa mara kuna madhara ambayo hatuyasemi: kila radhi inakiri deni, na aliyekiri deni hujiona hana haki ya kukataa sharti la mdai.

Kuhusu kupunguza foleni kwa nguvu, nina neno moja tu. Baadhi ya miradi imeajiri roboti inayofunga kila taarifa ya hitilafu iliyokaa muda fulani bila mazungumzo. Namba hupendeza, lakini hitilafu haiondoki kwa sababu hakuna aliyeizungumzia, na aliyeileta hujifunza kutoileta tena. Kinachostahili kufungwa ni lile ombi ambalo mtunzaji amekwisha kuamua kwamba hatalitekeleza, na afunge kwa kusema hivyo, bila kuliacha wazi miaka mitatu kwa ajili ya kumstahi mtu. «Hapana» ya siku ya pili humsumbua mchangiaji kidogo kuliko ukimya wa miezi kumi.

Foleni ilipopungua

Baada ya Juni 2022 madaraka yalihama kidogo kidogo, na kila hatua, ikitazamwa peke yake, ilikuwa ya kawaida. Mwishoni mwa Novemba anwani ya kupokea taarifa za hitilafu ilibadilishwa ili zimfikie pia Jia Tan. Mwishoni mwa Desemba akaanza kuingiza mabadiliko moja kwa moja katika ghala la msimbo. Tarehe 11 Januari 2023 Collin alitoa toleo 5.4.1, na lililofuata, 5.4.2 la tarehe 18 Machi, lilitolewa na Jia Tan. Siku mbili baadaye mpangilio wa OSS-Fuzz, huduma ya Google inayopekua hitilafu kwa kuzilisha programu data za ovyo, ulirekebishwa ili matokeo yaelekezwe kwake. Kufikia majira hayo, mpokeaji wa taarifa za hitilafu, mwandishi wa marekebisho, mkaguzi wake na mtoaji wa toleo waliweza kuwa mtu mmoja, naye ni yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso.

Kwa nje, mradi ulikuwa umepona. Matoleo ya mfululizo wa 5.4 yalitoka kwa mpangilio, matano kati ya Machi 2023 na Januari 2024. Barua zilijibiwa. Mtu anayepima afya ya mradi kwa idadi ya taarifa zilizo wazi na kwa muda unaopita kati ya toleo na toleo angeupa XZ Utils wa mwaka 2023 alama za juu kuliko ule wa 2021, na angekuwa amesoma vipimo vyake sawasawa. Vipimo hivyo havikuwa na safu ya kuuliza nani mwingine amesoma.

Kwamba kusoma ndiko kulikopungua kunaonekana vizuri zaidi katika jambo dogo kuliko makubwa. Tarehe 26 Februari 2024 liliingizwa badiliko ambalo kichwa chake kilidai kurekebisha jaribio la kutambua kama mfumo una Landlock, kinga ya Linux inayoibana programu isifikie faili zisizoihusu. Jaribio lenyewe ni programu fupi ya lugha ya C iliyo ndani ya faili ya CMake, zana ya kujengea programu: ikikubali kujengwa, kinga huwashwa, ikikataa, huachwa kimya kimya. Kati ya mistari ya juu ya programu hiyo na fanksheni inayofuata, palikuwa na mstari wenye nukta moja tu, peke yake, mwanzoni mwa mstari. Kwa nukta hiyo programu haikuweza kujengwa kamwe, na kinga haikuweza kuwashwa kamwe, na hakuna jaribio lililolalamika kwa sababu kukataa ni mojawapo ya majibu yanayotarajiwa. Katika mwonekano wa mabadiliko, ambapo kila mstari mpya hutanguliwa na alama ya kujumlisha, nukta hiyo inafanana na vumbi kwenye kioo. Msomaji mwenye makini angeweza kuikosa. Lakini ili aikose, kwanza lazima awepo.

Wala si xz peke yake. Novemba 2021 akaunti ya Jia Tan ilikuwa imepeleka badiliko katika libarchive, mradi wa maktaba ya kufungasha na kufungua faili, ambalo pamoja na kuongeza ujumbe wa kosa lilibadilisha fanksheni salama ya uchapishaji kwa ile isiyochuja herufi hatari. Lilikubaliwa bila mjadala, na liliondolewa Machi 2024 baada ya tangazo la Freund. Uchovu wa wasomaji wa viraka haukuwa wa nyumba moja.

Mlango wa siri wenyewe uliingia kupitia sehemu mbili ambazo hata ukaguzi wa kawaida wa viraka hauzifikii. Sehemu kubwa ilifichwa ndani ya faili za majaribio, tarehe 23 Februari 2024, moja ikiwa ni faili ya xz iliyotakiwa iwe mbovu ili kupima jinsi programu inavyoikataa. Ni nani atakayekagua ubovu wa faili iliyoletwa kwa sifa ya kuwa mbovu? Ufunguo wa kuiamsha ulikuwa katika faili build-to-host.m4, iliyokuwamo katika kifurushi cha toleo lakini haikuwamo katika git, yaani ghala la msimbo ambalo kila mtu huliona. Aliyesoma git yote, mstari kwa mstari, asingeuona. Kwa sababu hiyo, kati ya haki zote ambazo mradi humpa msaidizi mpya, ile ya kutengeneza kifurushi cha toleo kwenye mashine yake mwenyewe ndiyo ningeitoa mwisho kabisa, na kama inawezekana nisimpe mtu yeyote, bali kifurushi kijengwe na mtambo kutoka git mbele ya macho ya wote. Faili za majaribio zisizosomeka nazo zije pamoja na programu iliyozizalisha, ili mwingine aweze kuzizalisha upya na kulinganisha.

Freund hakuwa akikagua viraka. Alikuwa akipima kasi ya jambo jingine kwenye Debian, akaona kuingia kwa SSH kunachukua sekunde 0.807 badala ya 0.299, akakumbuka malalamiko ya Valgrind, zana ya kunasa makosa ya kumbukumbu, aliyoyaona wiki kadhaa kabla, akafuatilia. Siku chache kabla ya tangazo lake, tarehe 25 Machi, akaunti nyingine, Hans Jansen, ilikuwa imefungua ombi katika Debian ikitaka toleo 5.6.1 lipokelewe, na wengine wakajitokeza kulisukuma kwa sauti ileile ya Aprili 2022. Mwezi uliofuata OpenJS Foundation, shirika linalosimamia miradi ya JavaScript, ilieleza kwamba nayo ilikuwa imepokea mfululizo wa barua za kutia shaka, zikihimiza mradi wake mmoja usasishwe kwa haraka na mwandishi wa barua apewe utunzaji, ingawa mchango wake wa awali ulikuwa mdogo. Safari hiyo hakupewa.

Collin alirudi kazini. Toleo 5.6.2, lililoondoa mlango wa siri, lilitoka chini ya mkono wake tarehe 29 Mei 2024. Kabla na baada ya hapo alikuwa na foleni nyingine ya kupitia, safari hii ya mabadiliko ambayo yalikwisha kupokelewa: kila badiliko lililoletwa na Jia Tan, moja baada ya jingine, lisomwe tena tangu mwanzo.